Ioni za leza na kikombe cha Faraday: tuliyojifunza kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam

Ukipiga mpigo wa leza wenye nishati ya kutosha juu ya kipande cha shaba kilicho ndani ya chemba ya ombwe, ioni, yaani atomi zilizopoteza elektroni, utazipata. Hilo halina ubishi. Ubishi unaanza pale osiloskopu, chombo kinachochora volti kadiri muda unavyokwenda, inapochora kilima kizuri na mtu akaandika "ioni" kwenye daftari bila kujiuliza kilima hicho kimejengwa na nini. Ndani yake mna ioni, ndiyo, lakini pia mna elektroni zilizong'olewa na mwanga, kelele ya saketi ya leza, kapasita iliyoishiwa, na haidrojeni iliyotoka kwenye maji ya hewa ya Dar. Muda mwingi wa kazi hii huishia kwenye kutenganisha hayo.

Mtambo wenyewe si mkubwa. Leza ya Nd:YAG ya nanometa 1064, mpigo wa nanosekunde 7 hivi wenye milijuli 300. Lenzi. Chemba ya stenlesi yenye pampu ya mzunguko na pampu ya turbo. Shabaha, yaani kile kipande cha shaba kinachopigwa, inayozunguka au kusogea. Kikombe cha Faraday, yaani kopo la chuma linalopokea ioni na kuzipima kama mkondo wa umeme, umbali wa mita moja, kikitazama shabaha uso kwa uso. Osiloskopu ya megahezi 100 inatosha kabisa, kwa sababu ioni hizi hufika ndani ya maikrosekunde, si nanosekunde. Brookhaven kule Marekani wana chanzo cha aina hii kinacholisha ioni mashine zao kubwa, na Prague kuna leza ya ayodini iitwayo PALS inayotoa mamia ya juli kwa mpigo mmoja. Ukubwa unatofautiana sana, ila vipimaji ni vya ukoo mmoja.

Vitabu vya fani hii vimeandikwa na watu wa nchi baridi, hivyo havisemi mengi kuhusu unyevu. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 au chini yake. Kipoza maji cha leza kwa kawaida hupangwa kati ya nyuzi 20 na 25. Ukiwasha kipoza asubuhi kabla ya kiyoyozi, umande unatua kwenye ncha za fimbo ya YAG na kwenye vioo, kisha mpigo wa kwanza unaunguza utando wa kioo. Utando ukishaungua hausafishiki, unabadilisha kioo. Kwa hiyo kiyoyozi kinatangulia, milango ikiwa imefungwa, mpaka kipimaunyevu kisome chini ya 60. Chumba chenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa umande kwenye nyuzi 16 hivi, na hapo kipoza cha nyuzi 20 hakina tatizo. Angalia pia jambo moja linalosahaulika: umeme ukikatika na kurudi, kipoza kisiwake chenyewe. Kiyoyozi huchelewa kurudi, au hakirudi mpaka kibonyezwe, na kipoza kinaendelea kupoza fimbo ndani ya chumba kinachopata joto na unyevu.

Pampu ya mzunguko nayo inakunywa maji. Ina vali ndogo ya kuingizia hewa kidogo upande wa kutolea, kazi yake kuzuia mvuke usigeuke maji ndani ya mafuta. Wakati wa masika tunaiacha wazi nusu saa kila tunapoanza, chemba ikiwa imefungwa. Mafuta yakigeuka rangi ya maziwa ujue yamejaa maji, na presha haitashuka hata ungesubiri hadi jioni.

Kwenye kufungua chemba, jaza nitrojeni kavu, usiingize hewa ya chumbani. Nitrojeni ikikosekana, pitisha hewa kwenye bomba lililojaa silika jeli, na silika yenyewe ikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kabla haijabadilika rangi yote. Chemba iliyoachwa wazi mchana mzima wa Aprili itakuchukua siku nzima ya kupampu, maana kuta zimebeba maji yanayoachia kidogo kidogo. Kuipasha moto kwa nyuzi 100 hadi 120, ikiwa oringi zako (pete za kuziba viungo) ni za Viton, mpira unaostahimili joto, hupunguza sana muda huo.

Presha inayotakiwa ni 10⁻⁶ milibari. Kwenye 10⁻² milibari molekuli ya hewa husafiri milimita 7 hivi kabla ya kugonga nyingine. Ioni yenye mita nzima ya kusafiri haiwezi kufika salama hapo. Kwenye 10⁻⁵ umbali huo ni karibu mita 7, na mtu anaweza kudhani panatosha. Hapatoshi kwa ioni zenye chaji mbili, tatu au nne, kwa sababu hizo hunyang'anya elektroni kutoka kwa molekuli hata zikipita kwa mbali kidogo, na zinafika kwenye kipimo zikiwa na chaji pungufu. Hata kwenye 10⁻⁶, uso wa shabaha hufunikwa na tabaka jipya la gesi, hasa maji, ndani ya sekunde chache tu. Ndiyo maana kilele cha haidrojeni hukua ukichelewesha mpigo unaofuata na hupungua ukipiga haraka haraka. Nafasi kati ya mpigo na mpigo ni sehemu ya kipimo, iandikwe na iwe ileile siku zote. Mipigo michache ya kwanza kwenye uso mpya ni ya kusafisha, tupa data yake.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, hatari kubwa ni mafuta ya pampu ya mzunguko kupanda kwenye bomba kuelekea turbo. Weka kati yao vali inayojifunga yenyewe ikikosa umeme. UPS ndogo (betri ya akiba) inatosha kidhibiti cha turbo, vali na kipimapresha. Usihangaike kununua ya kubeba leza.

Kwa upande wa vyuma, mafundi wa Gerezani wanakereza flenji safi kuliko inavyodhaniwa, mradi uwape mchoro wenye vipimo na uwaambie mfereji wa oringi uwe na kina cha asilimia 75 hadi 80 ya unene wa oringi, bila mikwaruzo inayoukata mfereji kwa upana. Wanachokosa ni habari za ombwe. Bolti ikiingia kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, hewa inanaswa chini yake na kuvuja siku tatu, na utatafuta tundu la nje usilione. Toboa bolti katikati kwa keekee ya milimita moja. Bolti zilizopakwa zinki zisiingie ndani kabisa. Mafuta ya kukerezea yaoshwe kwa sabuni, kisha asetoni, kisha spiriti ya isopropili, na baada ya hapo glavu. Kutafuta uvujaji bila heliamu inawezekana: nyunyiza asetoni kidogo kwenye kila kiungo na utazame sindano ya kipimapresha. Ikiruka, umepata.

Sasa leza. Ukali wa mwanga kwenye shabaha ndio unaoamua ioni zitakuwa na chaji ngapi na kasi gani, na ukali huo unategemea kipenyo cha doa kwa mraba wake. Milijuli 300 kwa nanosekunde 7 ni megawati 43. Zikiangukia doa la kipenyo cha milimita 0.3, unapata wati bilioni 60 kwa kila sentimita ya mraba. Doa likiwa milimita 0.6, imebaki robo, bilioni 15. Kwa hiyo mtu anayetaja nishati ya leza bila kutaja doa hajasema kitu. Kupata doa kwa makadirio ya kwanza, nenda duka la fotokopi lolote, chapisha ukurasa mweusi tii kwa printa ya leza, na upige mpigo mmoja dhaifu mahali shabaha itakapokaa. Wino wa unga wa printa hiyo una kaboni, unanyonya vizuri nanometa 1064, na alama inayobaki inapimika kwa darubini ndogo. Fanya hivyo hewani, nje ya chemba, wala usitumie nguvu kamili: hewa yenyewe italipuka kwenye kiini cha mwanga na alama itakudanganya.

Kioo kisicho na utando hupoteza karibu asilimia 4 kila uso, yaani asilimia 8 kwa dirisha moja. Pima nishati baada ya dirisha. Tena, chuma kinachoruka kutoka kwenye shabaha hutua kwenye dirisha hilo na kulifanya jeusi. Weka mbele yake kioo cha slaidi ya hadubini kama kafara, na ukibadilishe mara kwa mara. Dalili ya kioo kilichochafuka ni kilima cha ioni kinachopungua na kuchelewa polepole kwa saa nzima. Dalili ya shimo kwenye shabaha inafanana nayo, ila ni ya haraka zaidi: mipigo michache mahali pamoja huchimba, plazma, ile gesi ya ioni na elektroni, inatoka ndani ya shimo na mwelekeo wake unabadilika. Sogeza shabaha. Ikirudi kama mwanzo, lilikuwa shimo. Isiporudi, ni kioo.

Shabaha ya shaba itoke kwenye ukanda wa shaba wa umeme, ambao ni safi. Vipande vya wauza chuma chakavu vina mtego wake. Brasi ni shaba yenye zinki, na zinki ina uzito wa atomi 65.4 dhidi ya 63.5 ya shaba. Tofauti ya muda wa kufika kati yao ni asilimia 1.5 tu, hivyo kipimo cha kawaida kitazionyesha kama kilele kimoja kinene na utalaumu mtambo. Alumini ya fremu za madirisha vilevile ina magnesi na silikoni.

Kikombe cha Faraday ndicho kinachostahili muda wako. Kwa umbo ni kopo refu la shaba lililo ndani ya ala ya chuma iliyounganishwa na ethi, lenye tundu la kuingilia la milimita 5 na, ikiwezekana, wavu mwembamba mbele. Kinapewa volti hasi, tuseme –60, ili kizisukume elektroni za plazma na kupokea ioni peke yake. Volti hiyo inaingia kupitia rezista ya kiloohm 100, na ishara inatoka kupitia kapasita kwenda kwenye ohm 50 za osiloskopu. Watu wengi huweka kapasita ya maikrofaradi 0.1 kwa sababu ndiyo iliyopo mezani. Tazama kinachotokea. Maikrofaradi 0.1 mara ohm 50 ni maikrosekunde 5. Kilima cha ioni kinaweza kuchukua maikrosekunde 20 au 30. Kapasita inajaa kabla kilima hakijaisha, sehemu ya nyuma inakatwa, na ioni za polepole zinapotea kwenye hesabu. Alama yake haifichiki: baada ya ioni kupita, mstari unazama chini ya sifuri na kupanda taratibu. Ukiuona mzamo huo, usitafute maelezo ya kifizikia kwenye plazma.

Unahitaji maikrofaradi 10, ambazo zinakupa maikrosekunde 500. Kapasita za elektroliti hazifai sana hapa. Kapasita za feni za dari zinazouzwa Kariakoo ni za filamu, maikrofaradi 2.5, zinastahimili volti zaidi ya 400. Nne kwa sambamba zinafanya kazi barabara, pamoja na moja ndogo ya seramiki kwa ajili ya kingo za haraka. Waya ziwe fupi. Na linda osiloskopu: cheche moja kati ya kikombe na ala yake inamwaga volti 60 zote kwenye mlango wa ohm 50, ambao kwa kawaida hauvumilii zaidi ya volti 5. Tumia ohm 50 ya nje, mlango wa osiloskopu ukiwa kwenye megaohm 1, na diodi mbili za kinyume mbele yake.

Volti hasi iwe ngapi? Usinakili ya mtu. Anza sifuri, panda kwa hatua za volti 10 hadi –150, na chora kimo cha kilima. Kitapanda, kisha kitatulia. Fanya kazi pale palipotulia. Kisipotulia kabisa, plazma ni nzito mno kwa tundu lako: punguza tundu au sogeza kikombe nyuma. Wavu wa mbele unafanya kazi ikiwa macho yake ni madogo kuliko tabaka ambalo plazma hujifunika nalo. Kwa plazma ya elektronivolti 1 yenye elektroni bilioni moja kwa sentimita ya ujazo, urefu wa Debye, ambao ndio kipimo cha unene wa tabaka hilo, ni milimita 0.23. Ikiwa bilioni 10, unashuka hadi 0.07. Wavu wa chujio la chai unapitisha plazma nzima kana kwamba haupo.

Kuna majaribio matatu ambayo sisi hatuanzi siku bila kuyafanya. La kwanza, ziba mwanga wa leza kwa kizuizi cha chuma na upige kama kawaida. Chochote kinachobaki kwenye osiloskopu ni kelele ya taa na ya swichi ya leza, inayoingia kupitia waya. Ikizidi, tafuta mahali ethi imefungwa mara mbili na kufanya kitanzi. La pili, geuza volti ya kikombe iwe chanya. Ishara igeuke pia, maana sasa unapokea elektroni. Isipogeuka, unachopima hakitoki kwenye plazma. La tatu ndilo bora: sogeza kikombe. Plazma inayotanuka bila kizuizi ina kanuni safi, muda wa kufika unakua sawia na umbali, na mkondo kwa eneo unapungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Kutoka sentimita 50 hadi mita 1, muda unakuwa maradufu na mkondo unakuwa moja ya nane. Kelele haijui umbali.

Kile kijiti chembamba kinachotokea kwenye muda sifuri usikiondoe. Ni mwanga mkali wa plazma unaong'oa elektroni kwenye kikombe, na kwa kikombe chenye volti hasi huonekana kama mkondo wa ioni. Ndiyo saa yako. Muda wote wa safari upimwe kuanzia hapo, si kutoka kwenye ishara ya kuanzisha leza.

Kutoka muda kwenda nishati: kasi kwa mita kwa sekunde ni 13,900 mara kipeuo cha pili cha nishati kwa elektronivolti ikigawanywa kwa uzito wa atomi. Ioni ya shaba ya elektronivolti 1000 ina kasi ya mita 55,000 kwa sekunde, inafika mita moja ndani ya maikrosekunde 18. Hadhari: kilele cha mkondo si kilele cha mgawanyo wa nishati. Kubadilisha, unazidisha mkondo kwa kipeo cha tatu cha muda, na hilo linavuta kila kitu kuelekea ioni za polepole, palepale ambapo kapasita mbaya ilikwisha kula data.

Kikombe hakijui chaji. Ioni moja ya chaji tatu na ioni tatu za chaji moja kwake ni sawa. Kutenganisha, ziingize kwenye kichambuzi cha nishati cha bamba mbili zilizopinda nyuzi 90. Nusu-vipenyo vya sentimita 9.5 na 10.5 vinapitisha nishati kwa chaji sawa na mara 5 ya tofauti ya volti kati ya bamba. Volti 100 zinapitisha elektronivolti 500 kwa chaji. Safari ya mita 1.5 basi inatoa haidrojeni kwenye maikrosekunde 4.8, kaboni ya chaji moja 16.7, shaba ya chaji tatu 22.2, ya chaji mbili 27.2, ya chaji moja 38.5. Haidrojeni na kaboni ni uchafu, lakini zinafaa kuhakiki urefu wa njia yako. Zima kipimapresha chenye waya wa moto wakati huo, kinatapisha ioni na mwanga kwenye kizidishi cha elektroni, yaani kipimaji kilicho mwisho wa kichambuzi.

Kuvuta mwale wa ioni kutoka kwenye plazma kwa volti kubwa kunahitaji hesabu moja kabla ya kugusa volti. Tuseme kikombe kinaonyesha milivolti 200 kwenye ohm 50, yaani miliampea 4 kupitia tundu la milimita 5. Ni miliampea 20 kwa sentimita ya mraba, na ukirekebisha kwa wavu unaopitisha asilimia 70, 29. Nafasi ya sentimita 1 kati ya elektrodi za kuvutia, yenye kilovolti 20, inaweza kubeba, kwa shaba ya chaji moja, miliampea 19 tu kwa sentimita ya mraba. Plazma inaleta zaidi ya inavyoweza kuvutwa, inajipenyeza kwenye nafasi, cheche zinapiga. Wengi hukimbilia kuongeza volti. Sogeza elektrodi hizo mbali zaidi na shabaha: kutoka mita 1 hadi 1.2, mkondo unashuka kutoka 29 hadi 17, na mwale unatulia.

Kwa volti hizi mikono haiingii mpaka fimbo yenye waya wa ethi imegusa kapasita zote, hata kama kipimo kinasoma sifuri. Miwani iwe ya nanometa 1064 hasa, mwanga huo hauonekani na unachoma retina. Cheche za makumi ya kilovolti zinatoa eksirei, na dirisha la kioo linazizuia vibaya kuliko ukuta wa chuma. Masuala ya mionzi nchini yako chini ya TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao makuu Arusha, waulizwe mapema.

Baada ya kuvuta, kikombe kile kile cha –60 hakifai tena. Ioni ya kilovolti 20 inang'oa elektroni nyingi kwenye shaba, na volti hasi ya kikombe inazifukuza nje, kila moja ikihesabiwa kama ioni ya ziada. Kikombe kiwekwe karibu na sifuri, na pete tofauti mbele yake ipewe volti hasi ili izirudishe ndani. Ipandishe pete kutoka sifuri hadi –300. Mkondo utashuka, kisha utatulia, na thamani ya pale palipotulia ndiyo ya kuandika.